Jina Lililotangulia Kipimo: Testosteroni, Damu na Mzigo wa Neno "Kiume"

1. Shabaha ya makala

Miongoni mwa istilahi ambazo sayansi ya karne ya ishirini ilizileta katika Kiswahili, ni chache zilizopokewa kwa wepesi kama "homoni ya kiume". Twaikuta katika vitabu vya elimu ya viumbe, katika vipindi vya redio, katika magazeti, na mara nyingi katika kinywa cha mhudumu wa afya anayemfafanulia mgonjwa karatasi iliyotoka maabara. Hapana anayeuliza maana yake, kwa sababu maneno yote mawili yanaonekana kujieleza. Wepesi huo wa kupokewa ndio unaotulazimu kulichunguza.

Makala haya yanakusudia mambo mawili. Kwanza, kusimulia kwa ufupi jinsi dutu iitwayo testosteroni ilivyotafutwa, ikapewa jina, na hatimaye ikapimwa katika damu ya wanaume na wanawake. Pili, kuonyesha jinsi historia hiyo inavyowahusu wale ambao kazi yao ni kuunda na kusanifisha istilahi. Hoja yetu ni kwamba jina lilitangulia kipimo. Wataalamu waliipa homoni hii jinsia kabla hawajaweza kuipima katika damu ya mtu yeyote, na kila kipimo kilipozidi kuwa sahihi, jina lilizidi kuonekana halitoshi. Kiswahili kilipokea jina bila ya kupokea masahihisho yake. Matokeo ya jambo hilo huwafikia wagonjwa na wanariadha kabla hayajawafikia wanaisimu.

2. Elimu ya mfugaji na jogoo wa Göttingen

Mfugaji wa Afrika ya Mashariki, kama wafugaji wenzake wa pande nyingine za dunia, alijua tangu zamani kwamba fahali akihasiwa hupungukiwa na ukali, hunenepa, na huongozeka kwa urahisi. Ndiyo sababu lugha ikamtenga maksai na fahali. Katika mbuzi, dume lisilohasiwa huitwa beberu. Na kutokana na tabia za mnyama huyo tumepata jina la mtu atawalaye wenzake kwa mabavu, kisha tukapata ubeberu, neno ambalo siasa za miaka ya kupigania uhuru zililitumia kwa utawala wa taifa moja juu ya jingine. Kwa upande wa binadamu tuna towashi, hanithi na rijali. Kwa hiyo msamiati wetu ulikuwa na nadharia yake muda mrefu kabla ya maabara: kwamba nguvu, ukali na utawala vina makao katika korodani. Nadharia hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, na ilikuwa na mengi yaliyozidi ukweli.

Hatua ya kwanza ya kuipima nadharia hiyo kwa majaribio yaliyopangwa ilichukuliwa mwaka 1849 katika mji wa Göttingen, Ujerumani. Arnold Berthold aliwatwaa jogoo sita wachanga akawahasi. Wawili aliwaacha hivyo. Nao kilemba chao, ile nyama nyekundu ya kichwani, kikadumaa, wala hawakuwika wala kupigana kama jogoo. Wengine aliwarudishia korodani ndani ya tumbo, mahali pasipo pake, na kati yao wako waliopewa korodani za wenzao. Hao walikua wakawa jogoo kamili. Berthold alipowachinja aliona kwamba korodani zile zilikuwa zimejishikiza na kupata mishipa mipya ya damu, ilhali mishipa ya fahamu ya awali ilikuwa imekwisha kukatwa. Hitimisho lake lilikuwa kwamba kuna kitu kinachoingia katika damu na kwa njia hiyo kuufikia mwili mzima. Huo ndio mwanzo wa wazo kwamba damu ni mjumbe, na kwamba mwenye kutaka kujua habari za korodani yaweza kumfaa kuiuliza damu.

Njia hiyo haikufuatwa mara moja. Mwaka 1889 Charles-Édouard Brown-Séquard, mtaalamu mashuhuri aliyezaliwa katika kisiwa cha Morisi mwaka 1817, aliwatangazia wenzake mjini Paris kwamba alikuwa amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na panya wa Guinea, na kwamba, ingawa alikuwa na umri wa miaka 72, nguvu za ujana zilikuwa zimemrudia. Habari hizo zilienea kwa kasi, na wauzaji wa dawa hawakuchelewa kuzitumia. Leo twajua kwamba testosteroni haiyeyuki vizuri katika maji, na kwamba korodani haziiweki akiba. Hivyo maji yale hayangeweza kuwa na kiasi cha kumfaa mtu. Alichokipata mzee yule kilitokana na imani yake. Msomaji aliyepita katika barabara za miji yetu na kuona vibao vinavyotangaza dawa ya "nguvu za kiume" atatambua kwamba biashara iliyozaliwa siku zile bado iko hai.

3. Jinsi jina lilivyopatikana

Neno "homoni" lenyewe lilianza kutumiwa na Ernest Starling mjini London mwaka 1905. Lilitokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuamsha au kuchochea. Na waandishi wa Kiswahili waliochagua "kichocheo" walifuata njia hiyo hiyo ya maana. Jina hilo halikutaja jinsia wala kiungo. Jinsia iliingia baadaye, wakati wataalamu wa miaka ya 1920 walipokuwa wakitafuta "homoni ya kiume" na "homoni ya kike" wakiwa wamekwisha kukata shauri kwamba kila moja ina makao yake, na kwamba hizo mbili ni mahasimu.

Kazi ya kuitafuta ilihitaji malighafi nyingi mno. Mjini Chicago, penye machinjio makubwa ya ng'ombe, Fred Koch na mwanafunzi wake Lemuel McGee walitumia ratili 40 za korodani za fahali, na mwaka 1927 wakapata miligramu 20 tu za dutu ambayo ilikirudisha kilemba cha jogoo aliyehasiwa. Mwaka 1931 Adolf Butenandt alipata miligramu 15 za dutu aliyoiita androsteroni kutoka maelfu ya lita za mkojo wa askari polisi wa Berlin. Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur mjini Amsterdam lilitenga dutu yenye nguvu zaidi kutoka korodani za fahali, likaiita testosteroni. Katika mwaka huo huo Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kwa upande wake, waliiunda kutokana na kolesteroli. Kwa kazi zao wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1939, ingawa serikali ya Ujerumani ya wakati ule ilimlazimisha Butenandt kuikataa.

Tuangalie jinsi jina hilo lilivyoundwa. Sehemu yake ya mwanzo inatokana na neno la Kilatini *testis*, yaani korodani, neno ambalo kwa umbo hilo hilo lina maana pia ya shahidi. Sehemu zilizobaki zataja jamii ya kikemia ya dutu yenyewe. Kwa hiyo jina lataja mahali ambapo dutu ilipatikana mwaka 1935, yaani machinjioni. Ni sawa na kumwita mtu kwa jina la mji alikokutwa, kisha kusadiki kwamba hajapata kuishi kwingineko.

Kipimo cha wakati ule nacho kilikuwa na kasoro ya namna hiyo hiyo. Dutu ilipimwa kwa kilemba cha jogoo aliyehasiwa: alidungwa au kupakwa, kisha ukuaji wa kilemba ukapimwa. Mkutano wa kimataifa wa mwaka 1935 uliweka kizio rasmi, nacho kilikuwa uwezo wa miligramu 0.1 ya androsteroni. Maana yake ni kwamba chochote kilichokuza kilemba kilihesabiwa kuwa homoni ya kiume, na homoni ya kiume ilikuwa chochote kilichokuza kilemba. Kipimo hakikuwa na namna ya kulikanusha jina, kwa kuwa kilizaliwa nalo tumbo moja.

4. Ushahidi wa mkojo

Hata hivyo ukanusho ulikuja, na ulikuja mapema. Mwaka 1927 kundi lile lile la Amsterdam lilitangaza kwamba limekuta homoni iliyoitwa ya kike katika mkojo wa wanaume wenye afya. Mwaka 1934 Bernhard Zondek alichapisha habari iliyowashangaza wengi zaidi: mkojo wa farasi dume, mnyama ambaye watu wa Ulaya walimwona kuwa mfano wa udume, una wingi mkubwa wa estrojeni. Katika muongo huo huo ilionekana kwamba mkojo wa wanawake nao hukuza kilemba cha jogoo aliyehasiwa. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo za kila mtu, zilitambuliwa kuwa chanzo kimojawapo cha dutu za jamii hiyo.

Yafaa ikumbukwe kwamba waliogundua mambo hayo hawakuwa wapinzani wa nadharia. Ndio hao hao walioijenga. Majibu yao ya kwanza yalikuwa ya kujaribu kuilinda: pengine homoni hiyo ngeni yatokana na chakula, pengine ni dalili ya ugonjwa. Maelezo hayo hayakudumu. Kemia ilipoendelea ilidhihirika kwamba mwili huibadili testosteroni kuwa estradioli, mojawapo ya estrojeni kuu, kwa kimeng'enya kiitwacho aromatasi. Dutu mbili zilizodhaniwa kuwa mahasimu zikaonekana kuwa mama na mwana. Bila ya testosteroni, au dutu nyingine ya jamii yake, hakuna mwanamke awezaye kupata estrojeni. Na kwa wanaume sehemu kubwa ya estradioli yao hutokana na testosteroni.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana wazi mwaka 1994, wakati madaktari wa Marekani walipochapisha habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye chembe zake, kwa hitilafu ya kurithi, hazikuweza kuitikia estrojeni. Testosteroni alikuwa nayo ya kutosha. Lakini mifupa yake ilikuwa haijafunga, ilikuwa haina uzito wa kutosha, na alikuwa bado anarefuka. Mifupa ya mwanamume, kumbe, huhitaji ile inayoitwa homoni ya kike.

5. Damu yaulizwa

Hadi hapo damu yenyewe ilikuwa haijaulizwa, na sababu ni uchache wa dutu. Katika plazma ya mwanamume mzima testosteroni yote iliyopo kwa wakati mmoja haifikii uzito wa punje moja ya chumvi ya mezani. Ya mwanamke ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Vipimo vya rangi vilivyofanyiwa mkojo tangu miaka ya 1930 viliikusanya jamii nzima ya dutu zenye kufanana bila ya kuzipambanua.

Ufumbuzi ulitoka katika utafiti wa jambo jingine. Rosalyn Yalow na Solomon Berson, waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali ya askari wastaafu iliyoko Bronx, New York, walibuni mwishoni mwa miaka ya 1950 mbinu ya kupima insulini kwa kutumia kingamwili na chembe zenye mnururisho. Wazo lao laweza kuelezwa hivi. Kingamwili ni kama viti vichache. Homoni ya mgonjwa na homoni iliyotiwa alama ya mnururisho hushindania viti hivyo. Kadiri ya mgonjwa ilivyo nyingi, ndivyo ile yenye alama inavyokosa nafasi. Kwa kuhesabu mnururisho uliobaki vitini, mtu hujua kiasi cha homoni kilichokuwamo katika damu. Berson alifariki mwaka 1972. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Kufikia mwaka 1970 mbinu hiyo ilikuwa imekwisha kutumiwa kupima testosteroni, na katika miaka iliyofuata, hasa baada ya mnururisho kuachwa na mahali pake kuchukuliwa na vimeng'enya au mwanga, ikawa kazi ya kila siku ya maabara.

Lakini mbinu hiyo ina udhaifu. Kingamwili yaweza kumpokea jirani kwa kumdhania mwenyewe: dutu zenye umbo la kukaribiana na testosteroni nazo huketi katika viti. Pale testosteroni ilipo nyingi, kosa hilo ni dogo. Pale ilipo kidogo, kosa laweza kuwa kubwa kuliko jibu. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walichapisha ulinganisho wa vipimo kumi vya namna hiyo na mbinu sahihi zaidi ya kupambanua dutu kwa uzito wa molekuli zake, wakitumia damu ya wanaume, wanawake na watoto 116. Kwa wanaume matokeo yalivumilika. Kwa wanawake na watoto yalitofautiana vibaya. Tahariri ya jarida lililochapisha kazi hiyo iliuliza kama kuwapima wanawake kwa njia hiyo kunapita kubahatisha. Kuanzia hapo vyama vya wataalamu vilihimiza matumizi ya mbinu ya uzito wa molekuli, na mwaka 2010 idara ya afya ya Marekani inayosimamia udhibiti wa magonjwa ilianzisha mpango wa kusawazisha vipimo vya maabara.

Hapa ndipo historia ya jina na historia ya kifaa zinapokutana. Kwa zaidi ya miaka thelathini vipimo vilivyotosha kwa damu ya mwanamume vilitumiwa pia kwa damu ya mwanamke, na upungufu wake haukuwashughulisha wengi. Dutu iliyokwisha kuitwa ya kiume, ikionekana kwa mwanamke, ilichukuliwa kuwa mgeni. Na mgeni hahesabiwi kwa uangalifu.

6. Hesabu na maana zake

Je, vipimo sahihi vyasemaje? Mwaka 2017 watafiti waliunganisha takwimu za wanaume wa Ulaya na Marekani, wakapata kwamba kwa wanaume wenye afya, wasio wanene kupita kiasi, walio na umri wa miaka 19 hadi 39, testosteroni ya jumla iko kati ya nanogramu 264 na 916 katika kila desilita ya damu. Kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, maabara nyingi huweka kati ya nanogramu 15 na 70 hivi. Tofauti ya wingi ni kubwa, na hapana haja ya kuificha.

Lakini kuna tofauti nyingine ambayo vizio huificha. Testosteroni aghalabu huandikwa kwa nanogramu katika desilita, na estradioli kwa pikogramu katika mililita. Karatasi ikisema testosteroni 30 na estradioli 50, msomaji hudhani kwamba estradioli ndiyo iliyo nyingi. Tukizileta katika kizio kimoja, testosteroni hiyo ni pikogramu 300 katika mililita, mara sita ya estradioli. Kwa hakika, katika siku nyingi za mwezi damu ya mwanamke kijana huwa na testosteroni nyingi kuliko estradioli. Vilevile mwanamume mzee huwa na estradioli nyingi kuliko mwanamke wa umri wake aliyekoma hedhi. Mambo haya mawili hayawezi kusemwa kwa lugha ya "homoni ya kiume" na "homoni ya kike" bila ya kauli kujipinga yenyewe.

Zaidi ya hayo, nambari moja haitoshi. Testosteroni ya vijana wa kiume hupanda asubuhi na kushuka jioni. Kwa hiyo damu yapasa kutolewa asubuhi, mtu akiwa hajala, na kipimo kurudiwa siku nyingine kabla ya kukata shauri. Sehemu kubwa ya homoni hiyo husafiri ikiwa imefungamana na protini za damu. Iliyo huru ni kama sehemu mbili tu katika mia. Maabara nyingine hutumia nanomoli katika lita: nambari 15 ya maabara moja ni karibu 430 ya nyingine, na mtu asiyejua aweza kudhani kwamba amepona au ameangamia kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Tena kuna neno "kawaida". Yale masafa ya 264 hadi 916 yaliwekwa kwa kuwachukua watu 95 wa katikati katika kila 100 wenye afya. Kwa mujibu wa hesabu yenyewe, watano waliobaki nao ni wazima. Isitoshe, watu hao hawakutoka bara letu. Sisi hutafsiri masafa hayo kuwa "kiwango cha kawaida". Neno kawaida, ambalo asili yake ya Kiarabu ina maana ya kanuni, kwa Kiswahili lina maana ya desturi na pia ya lile lipasalo kuwa. Aliye nje ya masafa huambiwa "si wa kawaida", na kauli hiyo huenda naye nyumbani.

7. Kipimo kinapogeuka mpaka

Mahali ambapo jambo hili limeonekana hadharani zaidi ni katika riadha. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 wanawake walianza kuchunguzwa kromosomu, na uchunguzi wa namna hiyo uliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2011 shirikisho la kimataifa la riadha liligeukia damu, likaweka mpaka wa nanomoli 10 katika lita. Mwaka 2015 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliisimamisha kanuni hiyo katika shauri la Dutee Chand wa India. Mwaka 2018 ilitangazwa kanuni mpya yenye mpaka wa nanomoli 5, kwa mbio za mita 400 hadi maili moja, nayo ikaanza kutumika Mei 2019 baada ya Caster Semenya wa Afrika Kusini kushindwa katika mahakama hiyo. Mwaka 2023 mpaka ukawa nanomoli 2.5 kwa michezo yote ya riadha. Tangu Septemba 2025 wanaotaka kushiriki mashindano ya ubingwa wa dunia ya wanawake hutakiwa kupimwa jeni moja tu, iitwayo SRY.

Wale watatu waliopata medali za mita 800 mjini Rio de Janeiro mwaka 2016, yaani Semenya, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya, wote waliathiriwa na kanuni ya 2018. Niyonsaba alihamia mbio ndefu ambazo kanuni ilikuwa haijazigusa, na mwaka 2021 alikimbia fainali ya mita 10,000 mjini Tokyo. Wambui alitoka uwanjani.

Makala haya hayakusudii kuamua shauri hilo. Shirikisho lilisema kwamba wanawake wengi wako kati ya nanomoli 0.12 na 1.79, na wanaume kati ya 7.7 na 29.4, na kwamba pengo lililopo katikati ni la kweli. Kwa vipimo sahihi pengo hilo lipo. Lakini kanuni zenyewe zilikiri kwamba nambari peke yake haisemi yote, kwa kuwa ziliwaondoa wanawake ambao miili yao haiitikii testosteroni kabisa hata ikiwa nyingi. Mwanamke wa namna hiyo aweza kuwa na kiwango cha mwanamume katika damu, na homoni hiyo isimfanyie lolote. Kwamba katika muda wa miaka 14 mpaka ulishuka kutoka 10 hadi 5, kisha hadi 2.5, na hatimaye damu ikaachwa na jeni ikashikwa, ni dalili kwamba swali lililoulizwa damu lilikuwa zito kuliko uwezo wa damu kulijibu. Mwezi Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika baraza lake kuu, iliamua kwamba Semenya hakusikilizwa kwa haki katika mahakama za Uswisi.

Sisi tunaoshughulika na lugha tuna swali letu. Katika miaka hiyo msikilizaji wa Kiswahili alisikia mara nyingi kwamba wanariadha hao wana "homoni za kiume". Asingeweza kufahamu kutokana na maneno hayo kwamba kila mwanamke anazo, pamoja na mama yake mzazi. Mjadala mgumu wa kadiri na mipaka ulimfikia ukiwa umekwisha kuamuliwa na kivumishi.

8. Mintarafu ya istilahi

Kiambishi *ki-* katika "kiume" kina maana ya namna au mtindo: kufanya jambo kiume ni kulifanya kwa namna ya wanaume. Tena kivumishi hiki kimezoea kubeba sifa. Mkono wa kulia huitwa mkono wa kuume, na wa kushoto umepata kuitwa mkono wa kike. Mtu aliyefiwa huambiwa ajikaze kiume. Neno lenye mzigo kama huo likifungwa katika jina la dutu, dutu hurithi mzigo wote. Jambo hili ni la kusikitisha hasa kwa lugha ambayo sarufi yake haibagui jinsia: "yeye" wetu ni wa wote, na ngeli zetu huweka watu wote mahali pamoja. Katika suala hili Kiswahili kilikuwa na nafasi ya kuwa sahihi kuliko lugha kilizozitafsiri.

Yawezekana kupingwa kwamba mwananchi huelewa "homoni ya kiume" upesi zaidi, na kwamba wanaume kweli wanayo kwa wingi. Pingamizi hili lina haki yake, lakini linachanganya wingi na umiliki. Kusema kwamba wanaume wana testosteroni nyingi ni kutoa habari. Kuiita ya kiume ni kuwanyang'anya wengine. Mwanamke mwenye chunusi sugu, ndevu chache na hedhi zisizo na mpango, ambaye ovari zake zatoa testosteroni zaidi ya ipasavyo, ana hali iliyoelezwa na madaktari Stein na Leventhal tangu mwaka 1935, mwaka ule ule testosteroni ilipopewa jina. Ni hali ya wanawake wengi, nayo inatibika. Akiambiwa kwamba testosteroni yake imezidi, amepewa habari ya ugonjwa. Akiambiwa kwamba ana homoni za kiume, amepewa hukumu juu ya nafsi yake, naye aweza kuificha asirudi tena kwa daktari.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo. Jina "testosteroni" litumiwe kama lilivyo, na jamii yake iitwe "androjeni"; ni kweli kwamba mizizi ya maneno haya yaelekea upande wa mwanamume, lakini kwa masikio ya Kiswahili mizizi hiyo imelala. "Homoni" ipendelewe kuliko "kichocheo", ambalo laweza kuchanganywa na vitu vingine viharakishavyo mabadiliko ya kikemia. Mahali pa "kiwango cha kawaida" pawekwe "masafa ya rejea", na kila mara itajwe ni ya watu gani na kwa kizio gani. "Homoni ya kiume" ibaki katika historia, kama tulivyoitumia hapa, na inapolazimika kutajwa darasani ielezwe kuwa jina la zamani.

9. Hitimisho

Tumeona jinsi swali moja lilivyoulizwa kwa kilemba cha jogoo, kisha kwa mkojo, na mwishowe kwa damu, na jinsi kila shahidi alivyotoa ushahidi uliopunguza uhakika wa jina. Jina lenyewe halikubadilika, kwa kuwa majina hayapimwi maabara. Hupimwa na wale wanaoyaandika katika kamusi na vitabu vya shule. Wahenga walisema kwamba tusione vyaelea, vimeundwa. Na istilahi ni mojawapo ya vyombo hivyo. Kilichoundwa vibaya mahali pengine hakilazimiki kuingizwa bandarini kwetu bila ya kukaguliwa.